Namba ya Leseni ya Mjomba

Januari 11, 2001

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote tupo na afya zetu. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata moto anatembea kama kawaida. Mdogo wangu wa mwisho amepata kazi ya ualimu na sasa anaongea kwa sauti ya darasani hata akiomba chumvi. Tumesikia umeezeka paa upya. Afadhali, maana barua yako ya mwaka jana ilifika na madoa ya maji.

Nina habari. Nimeajiriwa Idara ya Magari ya Mkoa, palepale ulipokaa miaka ishirini na minane. Najua ulitaka nisome uhasibu, lakini uhasibu haukunitaka. Nimepewa chumba cha nyuma ambacho zamani kilikuwa stoo ya matairi. Mpaka leo kinanuka mpira, na nikirudi nyumbani Mama ananiambia nikaoge kwanza.

Sikujua watu wanatudharau kiasi hiki, na sikujua kama tunastahili. Juzi mtu mmoja ameleta cheti cha ukaguzi kinachosema lori lake la mchanga lina breki nzima. Lori lenyewe lilikuja limefungwa kamba nyuma ya trekta. Aliyesaini cheti ni mkaguzi wetu tunayemwita Saa Sita, kwa sababu ikishapita saa sita humwoni tena. Nilipomwonyesha alisema breki zilikuwa nzima siku alipoziangalia. Nikamuuliza aliziangalia lini. Akasema hilo siyo swali la chumba changu.

Chumba changu ni mafaili. Serikali imeleta kompyuta sita, na kila mtihani wa udereva uliofanyika tangu idara ianze unatakiwa uingizwe humo. Tatizo ni kwamba kompyuta haipokei mtihani mpaka uandike namba ya leseni ya mtahini aliyeusimamia. Ukiacha patupu inakataa katakata. Watahini wote wa zamani nimepata namba zao, kasoro yako. Mkuu wa Idara anataka orodha iwe mezani kwake mwisho wa Juni. Naomba unitumie, ni kazi ya dakika moja.

Mama nilimuuliza kama ana salamu. Amesema nikwambie yupo.

Mpwa wako


Februari 4, 2001

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imetembea siku kumi na nane, nadhani ilikuja kwa miguu. Mimi mzima isipokuwa macho. Paa limeezekwa na fundi ambaye sidhani kama amewahi kuona mvua. Sasa linavuja mahali papya, juu ya kitanda. Mwambie mwalimu wenu hongera. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyejali kusikilizwa.

Kwa hiyo umeingia pale. Pole. Ungeniuliza ningekwambia ukauze mkaa, unachafuka mikono tu. Huyo Mkuu wenu namjua. Alikuja kijana, karani wa namba za gari, na mwaka wake wa kwanza alitoa namba moja kwa magari mawili. Siku moja yale magari yakagongana yenyewe kwa yenyewe, na askari aliyekuja kuandika alidhani amelewa. Mtu wa namna hiyo ndiye leo anakaa kwenye kiti cha ngozi. Na huyo Saa Sita wenu siyo wa kwanza. Enzi zangu kulikuwa na mmoja aliyekuwa anakagua magari kwa kuyasikiliza tu yakipita, yeye akiwa dirishani na chai yake.

Lakini wabaya kuliko wote ni madereva. Mtu anakuja na viatu vipya kana kwamba tunatahini miguu. Mwingine anaingia kwenye gari ananisalimia mara nne, halafu anawasha vifuta mvua badala ya injini. Mwanasheria mmoja alinizungusha uwanja mzima akinieleza haki zake, akagonga mapipa matatu, kisha akaniuliza kama mapipa yale yamewekwa pale kihalali. Nilisema neno langu moja tu, rudia, nikafunga mlango. Elfu na elfu nimewaambia hivyo, na nina hakika mpaka leo wananilaani kila wakibadilisha gia.

Sikuwa na upendeleo, na hilo uliandike hata ukutani. Waulize wa zamani. Nilimfelisha mtu wa damu yangu mwenyewe na sikupepesa macho. Waziri alipotutembelea alisimuliwa kisa hicho, akanipa mkono mimi kabla hajampa Mkuu wa wakati huo.

Namba unayoitaka imo humohumo kwenye mafaili. Tafuta. Karani kazi yake ni kutafuta.

Mjomba wako


Februari 23, 2001

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Pole kwa kitanda kulowa. Mwalimu wetu anasema ukisogeze, amelisema hilo kama vile ni uvumbuzi.

Nimetafuta siku tatu. Tarishi wetu mzee, ambaye wewe ulimpokea akiwa tarishi kijana, amenishikia ngazi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mjini kote ulikuwa unaitwa Mzee Rudia, na kwamba wanawake walikuwa wanawatishia watoto wao kwa jina lako. Alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Faili lako tumelipata. Lina barua ya kuajiriwa, na inasema uliajiriwa karani. Lina ruhusa zako za likizo, picha yako na nywele nyingi, na barua moja ya sifa. Kwenye mafaili ya wenzako, ukurasa wa pili pamebanwa nakala ya leseni. Kwenye lako ukurasa wa pili ni mweupe. Hata alama ya kutu ya pini hamna, Mjomba, nimeangalia kwa lenzi ya mkaguzi. Labda unayo nyumbani? Angalia hata kwenye begi la zamani.

Tena nikikumbuka vizuri, sijawahi kukuona unaendesha. Bibi alipofariki uliletwa na dereva wa idara ukiwa umekaa nyuma. Sisi watoto tulisema ni kwa sababu wewe ni mkubwa.

Nilimuuliza Mama ni nani wa ukoo wetu uliyemfelisha. Alinyanyuka akaenda kupiga pasi nguo ambazo alishazipiga jana. Kwa hiyo nakuuliza wewe.

Mpwa wako


Machi 30, 2001

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya macho, na kwa sababu sikupenda barua yako.

Umeajiriwa kazi au umetumwa upelelezi? Mtu anakuomba utafute kitu kabatini, wewe unaniletea habari za mazishi ya mama yangu na nani alikaa kiti gani. Na huyo tarishi mwambie kwamba mtu aliyebeba bahasha miaka thelathini bila kupandishwa cheo asicheke wenzake, ngazi au hamna ngazi.

Kama kompyuta yenu inataka namba, ipe namba. Kuna mtahini mwenzangu aliyefariki mwaka wa themanini na tisa. Alikuwa mtu mwema, na leseni yake mnayo hapo. Andika ya kwake kwenye mitihani yangu na umalize. Yeye hana kinyongo tena, na mashine haijui sura ya mtu. Nyie vijana mnatetemekea kisanduku kana kwamba kina macho.

La pili. Ndiyo, ni mama yako. Kwani ni siri? Wakati ule wanawake watatu wanne wa mjini walishikwa na kiherehere cha kuendesha magari, naye akawa mmoja wao. Alishindwa kilima cha pale uwanjani. Gari lilirudi nyuma, akababaika, akasahau hata handbreki iko upande gani. Angekuwa mtu baki ningemfelisha, na alivyokuwa ndugu nikamfelisha vilevile. Huo ndio uaminifu ambao wewe na Mkuu wako mnausikia redioni.

Mjomba wako


Aprili 12, 2001

Mjomba,

Shikamoo. Tupo.

Faili la Mama nimelipata leo, lilikuwa rafu ya chini nyuma ya maboksi ya vibao vya namba vilivyokatwa vibaya. Ametahiniwa mara tatu, mwaka wa sabini na tatu na sabini na nne. Karatasi zote tatu ni mwandiko wako. Ya kwanza aligonga pipa. Ya pili alisahau kioo. Hizo sina neno.

Ya tatu ninayo hapa mbele yangu. Kuwasha na kuondoka, kumi kwa kumi. Gia, kumi. Vioo, kumi. Kurudi nyuma kati ya mapipa, kumi. Kuegesha, tisa. Alama za barabarani, kumi. Halafu chini, kwa kalamu ileile, lakini umekandamiza mpaka karatasi imetoboka: "Ameshindwa. Anajiamini kupita kiasi."

Kilima hakipo kwenye karatasi hiyo. Nimetoka nje kukiangalia. Ule mlima wa zege wa uwanjani mafundi waliuandika mwaka kwa msumari kabla haujakauka, na mwaka wenyewe ni sabini na sita. Mama hakurudi nyuma kwenye kilima, Mjomba, maana kilima kilikuwa bado hakijajengwa.

Nilikuwa nakudharau kidogo kwa lile wazo la kumtumia marehemu. Sasa sijui niite nini ninachokisikia.

Namba ya marehemu sitaiandika.

Mpwa wako


Juni 3, 2001

Mjomba,

Shikamoo. Hujaandika, na Mama hajauliza kwa nini. Goti lake ni afadhali. Mwalimu ameugua mafua na nyumba imepata utulivu.

Nilimwekea Mama ile karatasi mezani. Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Nikasema ni mali ya serikali. Akasema basi serikali imeitunza vizuri. Kisha akanieleza.

Amesema mlijifunza pamoja. Dereva wa hospitali alikuwa anawafundisha Jumapili nyuma ya chumba cha kufulia, Mama alikokuwa anafanya kazi, wewe kaka mkubwa ukianza, yeye akifuata. Yeye alishika haraka. Wewe uliingiza gari kwenye ukuta wa jiko la hospitali, na yeye akacheka. Amesema alicheka kama mtoto, hakuwa na nia mbaya, na wewe hukumsemesha mpaka mwezi uliofuata. Ulijaribu mtihani mara tatu ukaacha. Miaka michache baadaye akasikia wewe ndiye unayetahini wengine.

Kwa hiyo alijua. Siku zote alijua.

Amesema pia kwamba mkuu wa hospitali alishamwahidi gari la wajawazito, na sare alishashonewa. Baada ya karatasi yako sare akapewa mtu mwingine, akaikata mikono maana ilimbana. Mama akarudi kufua mashuka mpaka alipostaafu. Vidole vyake umeviona vilivyopauka kwa dawa. Nilikuwa nadhani ndivyo alivyozaliwa.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, wakati neno moja tu lingetosha kukumwagia unga wako. Akasema, "Ningesema, kaka yangu asingebaki na kitu. Mimi nilikuwa na nyie."

Akaenda kulala mchana, kitu ambacho hafanyi.

Zimebaki wiki nne nipeleke orodha. Safari hii sikuulizi kwa niaba ya kompyuta.

Mpwa wako


Juni 21, 2001

Mpwa wangu,

Ulitaka namba. Sina. Sijawahi kuwa nayo.

Niliajiriwa karani, kama ulivyosoma. Asubuhi moja mtahini hakutokea, alikuwa amelewa toka juzi yake, na nje kulikuwa na watu kumi na tano wamepigwa na jua. Mtahini mkuu akanipa ubao na kalamu. Nikamwambia mimi sina leseni. Akasema, "Wewe unaenda kukaa, huendi kuendesha." Nikakaa. Wiki ile wote walisema nina jicho kali. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa naogopa gari likitembea, hakuna siri nyingine. Mwezi uliofuata nikapewa koti la mtahini. Mtahini mkuu akahama, aliyekuja akanikuta na koti, na pale kwenu mtu mwenye koti haulizwi.

Miaka ishirini na minane nimekaa kando ya watu wanaojua kitu nisichokijua, nikiwaambia hawakijui. Wala sikuwa naangalia barabara. Nilikuwa naangalia mikono yao. Mtu akitetemeka nilimhurumia, na mara nyingi nilimpitisha, ndiyo maana mna mabasi mitaroni. Mtu mikono ikitulia nilimchukia. Usisome haraka hapo. Nilimchukia kweli, huku nimemkalia ubavuni na natabasamu.

Mama yako mara ya tatu. Nilisema mbele ya mtahini mkuu mpya kwamba siwezi kumtahini ndugu tena, naye akasema hasa huyo ndiye umtahini, tuone kama huna upendeleo. Alikuja na gauni la kazini. Aliendesha hivi kwamba nilisahau kushika mpini wa mlango, mimi niliyekuwa naushika kila siku. Alirudisha gari nyuma kati ya mapipa kama mtu anayepitisha uzi kwenye sindano. Nilikuwa naandika kumi, kumi, mkono unaandika wenyewe. Aliposimamisha gari akanigeukia akasema polepole, "Kaka, umeona?"

Hakusema kwa kunicheka. Leo najua. Siku ile nilisikia ukuta wa jiko.

Nikaandika ulichosoma. Jioni hiyohiyo ofisi nzima ilikuwa inanisifu: huyu jamaa hata dada yake hamwachi. Ndiyo ilikuwa sifa yangu kubwa ya kwanza maishani, na ndiyo niliyoila mpaka nikastaafu. Waziri alinipa mkono kwa sifa hiyo.

Nimewadharau watu wengi. Wewe mwenyewe umeona barua zangu. Ilinisaidia, maana mtu akishughulika kuwacheka wengine hana nafasi ya kujitazama.

Kwenye orodha yako andika lililo kweli. Kama watataka kunifuata, waje, njia wanaijua.

Mama yako amesema nini kuhusu mimi?

Mjomba wako


Agosti 26, 2001

Mjomba,

Shikamoo. Tupo wazima. Mwalimu ametangaza kwamba anaoa, binti tumemwona, anaongea kidogo, watasikilizana.

Orodha niliipeleka tarehe ishirini na tisa Juni. Kwenye nafasi yako niliandika neno moja: "Hana." Mkuu aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kama nafahamu maana yake ni madereva wangapi waitwe upya. Nikasema nimeshawahesabu. Akaniambia nifunge mlango. Akasema serikali haiwezi kusema kwamba kwa miaka ishirini na minane haikujua, kwa hiyo ilijua, kwa hiyo hakuna tatizo. Kisha akasema, "Weka namba yangu." Nikamkumbusha kwamba mtihani wako wa kwanza ni wa mwaka sitini na saba. Akasema kompyuta haiulizi umri.

Nilikataa. Wakamweka mtu mwingine akaandika. Kwa hiyo leo, kwenye kumbukumbu rasmi, Mkuu wetu alianza kutahini madereva wa malori akiwa na miaka kumi na miwili, na wewe hujawahi kumtahini mtu yeyote. Hakuna atakayekufuata, Mjomba. Wamekufuta, imekuwa rahisi zaidi. Nilidhani nitafurahi au nitakasirika, lakini nilikumbuka tu ulivyoniambia nikauze mkaa.

Mimi nimehamishiwa dirisha la namba za gari. Watu wananiita bosi na huku wanasonya. Saa Sita amepandishwa cheo.

Kuhusu Mama. Mwezi wa saba alisema anataka mtihani. Nikadhani ni maneno ya mchana mmoja, kumbe alishamwomba jirani yetu mwenye kigari cheupe, wakawa wanaenda uwanja wa shule asubuhi. Mtahini wa siku hizi ni binti mdogo kuliko mimi. Nilikaa kwangu na dirisha nimelifunga ili mtu asije akasema nimemnong'oneza. Mama akafeli. Tairi la nyuma lilikanyaga mstari wakati wa kuegesha, na binti akamwonyesha mstari, na tairi, na karatasi. Mama alirudi nyumbani anacheka peke yake. Akasema, "Safari hii nimefeli kweli." Sijawahi kumwona mtu amefurahia kufeli namna ile.

Baada ya wiki mbili akafaulu. Leseni yake imetoka Alhamisi. Picha haikutoka vizuri, yeye anasema ni nzuri.

Umeuliza amesema nini kuhusu wewe. Barua yako nilimpa akaisoma mwenyewe. Sitakuandikia alichosema, kwa sababu hakusema. Na mimi usinihesabie kwamba nimekusamehe kwa kuwa nimekuamkia. Ya kwangu ni heshima tu. Hilo lingine ni la mama.

Mpwa wako


Oktoba 15, 2001

Mpwa wangu,

Marahaba. Nakuandikia leo Jumatatu saa sita mchana, na nitampa barua hii dereva wa basi aitie posta ya kwenu, maana ya huku siiamini.

Mama yako alikuja. Bila shaka unajua, ila hukuniambia. Ijumaa jioni nilisikia honi nje, nikatoka nikijiandaa kumfokea mtu, nikamkuta yeye kwenye kigari cheupe, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa na maneno nimeyatunga toka Juni. Hakuyataka. Aliomba maji, akala, akaniuliza paa linavuja wapi, akalala.

Jumamosi asubuhi akasema tukazunguke mjini. Mji huu ni barabara moja, na mimi hapa wananijua kama Mtahini. Vijana wanakuja kwangu kuniuliza habari za klachi, nami nawajibu, Mungu anisamehe. Tukafika mbele ya duka la fundi cherehani, pale penye watu wengi, akasimamisha gari katikati ya barabara. Akashuka na kuacha injini inanguruma. Akazunguka mpaka upande wangu akafungua mlango.

"Endesha, Kaka," akasema.

Nyuma yetu lori likaanza kupiga honi, kisha na pikipiki. Fundi cherehani akatoka na futi yake shingoni, na wateja wake, na vijana walewale wa klachi. Fundi akasema, "Mzee, hebu wape somo hawa." Mama yako alishika mlango tu, kwa vile vidole vyake, akanisubiri. Nikajua kwamba anaweza kusubiri hapo mpaka kiangazi.

Nikasema sijui kuendesha.

Wakacheka. Walidhani ni mzaha wa mtu mkubwa. Ikabidi niseme kwa sauti, na safari hii nikashuka nikasimama ili wanione. Nikawaambia sijui, sijawahi kujua, sina leseni, na huyu dada yangu anajua toka kabla nyie hamjazaliwa na mimi nilimnyima. Basi hapo hakuna aliyecheka. Fundi alitazama chini kama vile ameangusha sindano. Dereva wa lori akaacha honi.

Mama yako akarudi kwenye usukani. Akasema, "Panda, tunazuia watu." Nikapanda.

Hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza, nilikosa uso. Jana tulikaa barazani. Alinieleza habari za mkwe wenu anayeongea kidogo, nami nikamweleza habari za marehemu mke wangu alivyougua, ambazo nilikuwa sijamweleza mtu. Fundi cherehani hajaniamkia toka Jumamosi. Vijana wa klachi wamepita mara mbili bila kusimama.

Asubuhi hii saa mbili ameondoka. Uchochoro wa nyumba yangu ni mwembamba na una kona, madereva wote huwa wanaitana kusaidiana. Yeye alitoka kinyumenyume mara moja, bila mtu wa kumwelekeza. Nilisimama pale kwenye kona mpaka sikusikia injini tena.

Saa nne mvua imeanza kunyesha, na ile barabara ina madaraja mawili mabovu na malori ya watu niliowapitisha mimi. Najua anajua kuendesha. Lakini niandikie, hata mstari mmoja, kwamba amefika.

Mjomba wako